Mama Yunuke na Mbao za Chini ya Kitanda

Bwana asifiwe. Kabla sijaanza kusoma, niseme neno moja, maana tangu asubuhi nawaona watu wakitazama jeneza kisha wanatazamana. Ndiyo, ni refu. Dada yangu alikuwa mwanamke mfupi, hapa Gesima nani hajui? Nimesikia hata wanaonong'ona kwamba kamati ya mazishi ilikosea vipimo. Kamati haikukosea kitu. Tulieni kwenye viti, mtaelezwa.

Mimi ni Emily Bonareri, mdogo wake anayemfuata. Nasoma kwa Kiswahili ili wakwe zetu waliotoka Homa Bay na kijana wao Calvince Ogada, mume wa Bosibori wetu, wasikae hapa wakiangalia midomo yetu tu. Karatasi mlizo nazo mkononi ni za pili. Za kwanza, zilizochapwa Nyamira mjini, zilikuwa na kosa ambalo sikuweza kulimeza, nikazirudisha. Ziko pale jikoni, akina mama wanafungia mandazi. Dada yangu asingekubali zitupwe.

Marehemu Mama Yunuke Nyamoita Mokua alizaliwa tarehe 9 Mei 1957 kijijini Magombo, kifungua mimba wa Mzee Ombaso na Mama Kemunto, ambao wote wamemtangulia. Tulizaliwa watano na leo nimebaki mimi. Alitubeba sote mgongoni kwa zamu. Kwetu kulikuwa na sufuria moja kubwa iliyotoboka chini, na mama akataka kuitupa. Yunuke, msichana mdogo tu, aliichukua akaitia udongo, akapanda kitunguu. Basi tangu hapo ikawa ukitaka kutupa kitu, unangoja aende mtoni kwanza.

Alisoma katika shule ya msingi ya kijijini kwetu hadi darasa la saba, na mwaka wa 1972 akafanya mtihani akaupita vizuri. Baba akasema zamu ya sekondari ni ya wavulana. Yunuke hakulia mbele ya mtu. Aliifua sare yake, akaikunja, akaiweka chini ya mto. Mama akamuuliza, "Sasa hiyo ya nini?" Akajibu, "Huenda wakaniita." Hawakumwita. Sare hiyo tumeipata wiki hii, ya bluu, imekunjwa vile vile.

Mwaka wa 1974 alipata kazi jikoni katika shule moja ya bweni juu kule Nyanchwa, mjini Kisii. Alipika hapo hadi 1980. Shule ikifungwa, wasichana wakiondoka mbio, yeye alipita mabwenini akiokota walichoacha: kiatu kimoja, kitana, mkebe, soksi. Wenzake wa jikoni walimcheka wakamwita mama takataka. Muhula mmoja ukafunguliwa, msichana mmoja akaja jikoni akilia. Alikuwa amepoteza kifuniko cha sanduku lake, na baba yake alikuwa mtu wa kiboko. Yunuke alikwenda nyuma ya stoo akarudi nacho. Yule msichana alimkumbatia akamlowesha aproni yote. Dada yangu alinisimulia jambo hilo mara nyingi kuliko alivyonisimulia harusi yake. Na kila mara alimalizia hivi: "Vitu vina wenyewe, Emily. Na mwenyewe hurudi."

Harusi ilikuwa tarehe 16 Desemba 1979, kanisani, naye akaolewa na Mokua, mkulima wa majani chai hapa hapa Gesima. Mokua alikuwa mpole mno. Wakati dada yangu anahamia, alikuja na magunia kuliko bibi harusi yeyote, na Mokua akayabeba yote bila kuuliza ndani mna nini. Walijaliwa watoto watatu: Obwocha mwaka wa 1981, Bosibori mwaka wa 1985, na Duke, kitinda mimba, tarehe 3 Novemba 1989. Walichuma chai, wakauza ndizi, wakasomesha. Mokua alifariki tarehe 22 Aprili 2007, naye Yunuke hakuolewa tena wala hakurithiwa. Aliyejaribu kuleta mazungumzo hayo aliondoka hajamaliza chai yake.

Sasa Duke. Nitasema polepole, nivumilieni.

Duke alipewa urefu ambao hatujui aliutoa wapi, maana pande zote mbili sisi ni watu wa kuchumia chai, vichwa vyetu havizidi sana majani. Akiingia kwa mama yake aliinama, na siku akisahau tulimsikia sote. Kama desturi yetu ilivyo, alipotahiriwa hakulala tena nyumba ya mamake, alijengewa saiga yake pale uani, chumba kimoja cha mabati chenye mlango na dirisha. Januari 2015 alipanda lori la ndizi kwenda Nairobi, na kutoka huko akapata kazi ya mjengo upande wa Voi. Alipiga simu kila Jumapili. Alimwambia mamake huko kuna joto hata usiku, naye mamake akamwambia, "Hata hivyo funika kifua." Agosti 2016 simu yake haikupatikana, na haijapatikana hadi leo.

Obwocha alikwenda kumtafuta pamoja na baba yake mdogo, Anyona. Walizunguka vituo vya polisi, hospitali na mochari. Hakuna aliyewaambia yupo, hakuna aliyewaambia hayupo. Walirudi wamekonda, wakakaa sebuleni, na Yunuke akawapakulia chakula. Halafu akatoa sahani ya tatu akaipakulia pia, akaifunika.

Mwaka uliofuata upepo uliangusha saiga. Dada yangu hakungoja mtu. Aliokota bati baada ya bati, akabeba mlango, akabeba dirisha, misumari akainyoosha kwa jiwe na kuitia mkebeni. Vyote akaviingiza ndani ya nyumba yake, visiibwe. Hapo ndipo nyumba ilipoanza kujaa. Akiona jiko limevunjika mguu, analichukua. Godoro, pazia, kikombe kisicho na mkono, karai, debe, ndoo zisizo na vifuniko na vifuniko visivyo na ndoo. Ukimuuliza, anasema, "Duke akirudi ataanza na nini? Ataanza na mikono mitupu?" Sebule ikabaki njia nyembamba ya kupita kiubavu. Akina mama wa Dorkasi walikuja kuomba nguo za wasiojiweza, akawapa za kwake hadi akabaki na gauni la Sabato na la shambani. Za Duke hakugusa hata soksi.

Obwocha siku moja alishindwa kujizuia. "Mama, hii si nyumba tena. Hili ni jaa la taka." Nilikuwepo. Dada yangu alikuwa akichambua mchele, hakuinua kichwa. "Jaa ni la vitu visivyo na mwenyewe," alisema. "Hivi vina mwenyewe."

Desemba 2021 ukoo ulikutana hapa nyumbani. Shemeji Anyona aliongea kwa niaba ya wazee. Shemeji, uko hapo, usitazame chini, uliongea kwa nia njema na mimi nilikukasirikia, na bado nimekukasirikia kidogo. Alisema, "Mama Obwocha, tumengoja vya kutosha. Tuzike mgomba, kijana atulie huko aliko na sisi tulale." Wakwe zetu, msishangae: mtu akipotea na mwili usipatikane, kuna wanaolaza shina la mgomba ndani ya jeneza badala yake, wakamlilia, wakafunika. Lakini mwanamume mzima hazikwi nyumbani bila nyumba yake, kwa hiyo ni lazima saiga isimamishwe kwanza. Na Anyona akasema, "Mabati si unayo?"

Yunuke alisimama. Alikuwa hafiki bega la mtu, lakini siku hiyo mbona alionekana mrefu! "Migomba nimepanda," alisema, "nimekata, nimelisha ng'ombe. Sikuzaa mgomba hata mmoja. Na hayo mabati ni ya mtu atakayelala chini yake akikoroma." Wazee wakavaa kofia zao wakaenda.

Chini ya kitanda chake kulikuwa na mbao. Ndefu, za sipresi, zimepigwa randa na fundi Ogari, zimefungwa kwa nailoni. Kila kiangazi alizitoa juani, akazipaka mafuta ya taa mchwa wasizile, akazirudisha. Tulipouliza, alisema ni za kitanda cha Duke, maana vitanda vya madukani miguu yake ingening'inia. Tukaamini. Duke alikuwa na miguu ya kuning'inia kweli.

Tukija kwa ugonjwa, dada yangu alikuwa na sukari kwa muda mrefu, naye alihudhuria kliniki bila kukosa. Februari mwaka huu wa 2025 mvua ilivuja sebuleni ikalowesha yale mabati, akaanza kuyavuta peke yake ayakaushe. Msumari ukamwingia wayo. Akauchomoa, akaosha kwa maji ya chumvi, akavaa mabuti ya mpira, akanyamaza. Alinyamaza kwa sababu Obwocha alikuwa amesema, mbele yetu sote, kwamba siku bati litakapomchoma mtu katika nyumba ile, ataita wanunuzi wa vyuma siku hiyo hiyo na hakutabaki kitu. Ilikuwa hasira ya mtoto anayemwogopea mamake. Yunuke aliisikia kama amri ya korti. Basi akachuma chai na mabuti, akaenda kanisani na mabuti, akipokea wageni hayavui. Mgonjwa wa sukari, na kidonda kimefungiwa ndani ya mpira! Ee Nyasae, Mungu wetu. Ni Bosibori, alipokuja kumtembelea mwishoni mwa Aprili, aliyeketi karibu naye ibadani akasikia harufu. Alipomvua kiatu, akampigia mumewe simu akiwa analia tu.

Calvince, mwanangu, hilo nalisema mbele ya watu wenu: ulifika kabla ya watoto wetu wa karibu, ukambeba mama mkwe wako mikononi hadi kwenye gari. Katika desturi za kwenu na za kwetu mkwe habebi mama mkwe. Ulimbeba. Mungu akuone.

Alipelekwa hospitali Nyamira, akahamishiwa Kisii. Madaktari walijitahidi. Mguu wa kulia ulikatwa chini ya goti tarehe 20 Mei. Alipozinduka hakuuliza kama atapona. Aliuliza, "Mmeuweka wapi?" Nikamwambia, dada, tulia. Akasema, "Si niambieni tu mmeuweka wapi." Nikatoka nje nikasimama ukutani.

Lakini sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu. Siku chache kabla hajafariki alinishika mkono, moto wa homa unatoka kwake unaingia kwangu.

"Emily, zile mbao."

"Za kitanda cha Duke?"

"Si za kitanda."

Akasema, "Kitanda gani kina kifuniko? Ogari alijua siku ile ile nilipompa vipimo. Nikamwambia akifungua mdomo hanywi chai kwangu tena."

Nilimwambia, "Kumbe ulijua ameenda."

Alinikasirikia, hali ile ile. "Sikujua kitu! Nani amejua? Nilisema zikae tu. Isije ikawa siku moja analetwa, na hakuna pa kumlaza, muanze kukimbia huku na huku mkimtafutia jeneza la urefu wake. Mtoto wangu aje kukunjwa magoti?"

Kisha akasema maneno ambayo ndiyo sababu ya jeneza mnaloliona.

"Nizikeni nazo mimi. Nikienda nazo, kule nyumbani hakutabaki kitu cha kumzikia. Na Ogari asizikate. Kipande kikibaki, kimebaki kwa ajili yake."

Mwanamke ambaye maisha yake yote hakuacha hata kifuniko cha soda kipotee, jambo la mwisho aliloomba ni kwamba kitu kisibaki. Nilimwahidi. Mama Yunuke Nyamoita Mokua alitutoka asubuhi ya Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, hospitalini mjini Kisii, mkono wake ukiwa ndani ya wa Bosibori.

Ogari alikuja Jumatatu na msumeno. Fundi ni mtu wa kazi yake, sina neno naye. Aliniita pembeni akasema, "Mama, ninajua alivyosema. Lakini marehemu ni mfupi, na mguu mmoja hauko. Kutoka nyumbani hadi kaburini ni mteremko. Mwili utateleza, utagonga mbao watu wakisikia. Niruhusu nipunguze kidogo tu." Nikamwambia hapunguzi kitu. Akasema wachimba kaburi nao wamelalamika, wameshachimba la kawaida. Nikamwambia warefushe. Akainua msumeno kama mtu anayetaka kujaribu, basi mimi na umri huu nikazikalia zile mbao, pale uani, kitenge na vyote, hadi alipoelewa. Mlionipita mkidhani huzuni imenizidi kichwa, sasa mnajua.

Ili dada yangu aingie kulala nyumbani kwake usiku wa mwisho, ilibidi sebule iondolewe vitu. Obwocha hakukubali mtu mwingine aguse. Alitoa kitu kimoja kimoja, akakipanga uani kwa utaratibu, mabati kando, vyombo kando, misumari ile iliyonyooshwa akaiweka juu ya meza. Mwanamume mzima ana mvi kidevuni, akashika jiko lililovunjika mguu akalia hadi akakaa chini. Baadaye akaja kwangu na blanketi la Duke, lile la mistari ya kahawia. "Mama mdogo, tuweke hili miguuni mwake, tujaze ile nafasi. Asiteleze."

Nikamwambia, "Hilo lina mwenyewe. Lirudishe."

Nilidhani atabisha. Akalikunja, akalirudisha, na hivi ninavyosoma liko kwenye kamba pale nyuma linapigwa jua. Nafasi tumeijaza kwa vya Yunuke mwenyewe: aproni zake za Nyanchwa, mapazia, magunia ya nailoni, na ile sare ya bluu ya darasa la saba. Imejaa vizuri.

Obwocha amesema matanga yakiisha atasimamisha saiga kwa yale mabati. Nimemuuliza ni ya mgomba au ya mtu. Hakunijibu, na Shemeji Anyona naye akakohoa. Basi ninalisema hapa, mchungaji akisikia na wakwe wakisikia: mbao hakuna tena. Anayetaka kuzika mgomba akatafute mbao zake, na anikute nimekaa mlangoni.

Sasa lile kosa la karatasi za kwanza. Ziliandikwa kwamba marehemu alitanguliwa na mumewe Mokua na mwanawe Duke. Nani aliwapa habari hiyo? Nani amemwona? Nimeandika upya kwa mkono wangu, na ndivyo ninavyosoma.

Marehemu ametanguliwa na wazazi wake, ndugu zetu watatu, na mumewe Mokua. Ameacha mdogo wake, Emily Bonareri. Ameacha wana watatu: Obwocha wa hapa Gesima, Bosibori wa Homa Bay, na Duke, ambaye hayupo nasi leo. Ameacha mkwe, Calvince Ogada, na wajukuu waliojua kuruka vitu vya nyanya yao bila kuangusha hata kimoja. Ameacha shemeji yake Anyona, kanisa lake, na akina mama wa Dorkasi.

Vijana mtakaobeba, mshike vizuri huo upande wa miguu, ni mzito kuliko mnavyodhani. Msiogope mteremko, hatateleza. Kaburini mkiona limebaki kubwa, msiseme neno, mfukie tu.

Dada, umelaza kichwa, basi ulale. Kungoja niachie mimi.